Makumpare Sita wa Soko la Mtoni

Jumatatu, 3 Februari

Leo nimetangaza vita na Baraza la Jiji la San Hilario. Wao kumi, mimi mmoja. Nawahurumia.

Habari imefika sokoni kabla ya jua. Jumanne ya wiki ijayo madiwani wanapiga kura. Wanataka Soko la Mtoni livunjwe, kiwanja apewe tajiri mmoja wa Manila ajenge duka la vioo, na sisi tuhamishiwe jengo jipya kule kwenye barabara ya mchepuko. Ghorofa mbili! Na nafasi zitagawiwa kwa kuokota vikaratasi kofiani. Maana yake mke wangu Ising, anayeuza samaki wakavu kwenye pembe ile ile ya mlango wa mashariki tangu hatujaoana, anaweza kutupwa juu huko karibu na popo. Nani atapanda ngazi kufuata samaki mkavu? Wateja wake ni vikongwe watupu. Mmoja ana goti moja tu linalokunjika.

Ising alipanga samaki wake, mikia yote upande mmoja, akaniuliza kama nimekula. Nikajua ameumia. Mwanamke huyu akiumia huuliza habari ya chakula.

Nikapanda juu ya ndoo nikahutubia. Nikawakumbusha kimbunga kile kikubwa, nilivyoikumbatia nguzo ya soko hili mpaka upepo ukachoka wenyewe ukaenda Vietnam. Kama nililikinga soko na kimbunga, madiwani ni kitu gani? Mama Sepa, mwenyekiti wa chama cha wachuuzi, akasema anakumbuka vizuri sana, maana siku ile nilikuwa chini ya meza yake ya vitunguu nikimwita marehemu mama yangu. Soko zima likacheka. Wivu.

Mama Sepa akataka pingamizi liandikwe kwa jina la chama, wachuuzi wote pamoja. Nikakataa katakata. Pingamizi la watu mia halina uso! Likiwa na jina moja, jina zito, Baraza litakosa usingizi. Wakaanza kubishana. Walipomaliza kubishana mimi nilishatoka ofisi ya Baraza. Limeingia: Ambrosio Makabenta, kwa ajili ya mke wake na pembe yake. Karani akasema hoja moja pingamizi moja, hawapokei jingine. Safi kabisa.

Niliporudi Mama Sepa akasema, "Ambo, umetuvisha shati lako sote, na shati lenyewe limechanika." Jemadari hajibizani na muuza vitunguu.

Jumanne, 4 Februari

Nimepiga hesabu. Niliacha shule darasa la tano, si kwa ujinga, mwalimu aliishiwa cha kunifundisha. Hesabu ndiyo hii: madiwani wanne ni watu wa meya, wanataka soko livunjwe. Wanne wako upande wetu. Wawili wako katikati kama nazi kwenye maji. Nikimpata mmoja wao tu, kura zinakuwa sare, na sare huamuliwa na naibu meya, ambaye ni binamu yake meya. Kwa hiyo nawataka wote wawili. Diwani Crispulo, mwenye kiwanda cha barafu. Na Diwani Felicitas, mwalimu mstaafu, ambaye bado akikuona mtaani anakuangalia kucha.

Nimewaza mpaka saa sita mchana. Kisha Bitoy akalia.

Bitoy ni kitinda mimba wetu. Alikuja wakati nimeshagawa kitanda cha watoto. Ana miezi minane na hajabatizwa, kwa sababu mimi nataka aitwe Napoleon na mama yake hataki. Nikamtazama akilia. Nikaona mwanga!

Wasimamizi wa ubatizo! Mtu akishamshika mwanao juu ya maji ya baraka, basi amekuwa kumpare wako, na akiwa mwanamke, kumare. Ni ndugu. Ni zaidi ya ndugu, maana ndugu hukumchagua. Kumpare hampigi kumpare kisu cha mgongo. Hivi ndivyo jiji hili lilivyojengwa, kwa makumpare. Saruji ilikuja baadaye.

Nikamweleza Ising. Akasema mtoto si chambo. Nikamwambia hata Musa alielea kwenye kikapu kwa faida ya taifa. Akasema basi sawa, lakini hatoitwa Napoleon. Nikakubali. Vita vina hasara zake.

Alhamisi, 6 Februari

Ushindi juu ya ushindi. Nimeanzia kiwanda cha barafu. Diwani Crispulo ana watoto wa ubatizo wengi kuliko askofu, hata hakuuliza ni mtoto gani. Akasema, "Jumapili? Sawa, kumpare. Kutakuwa na nguruwe?" Ameniita kumpare kabla ya maji! Diwani Felicitas naye amekubali, kwa sharti pasiwe na ulevi, na mtoto aogeshwe masikio.

Nikapita kinyozi kunyoa. Nikataja kidogo tu. Labda mara mbili. Kinyozi akamwambia Diwani Baldomero, ambaye ni wetu tangu zamani, na jioni Baldomero akanipita barabarani akitazama mawingu. Hakukuwa na mawingu.

Amenuna! Hapa kwetu mtu akinuna hapigi kelele. Anatazama mawingu tu, na wewe unakufa polepole. Nikaingiwa na baridi. Nimewaalika wawili wa katikati nikawaacha wanne waliosimama nami siku zote!

Nikaenda kwa Teroy, kaka yake Ising. Ana bucha. Tumekuwa maadui tangu harusi yangu, alipowaambia wageni kwamba dada yake amepotea njia. Sokoni ndiye pekee anayetaka tuhame, kwa sababu huko kwenye jengo jipya ameahidiwa chumba cha baridi. Lakini nguruwe ni nguruwe, na kwa nguruwe lazima upite kwake.

Sijawahi kumwona akiwa mwema vile. Akanipa kiti. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Shemeji, mimi na wewe hatupatani, lakini hili nakwambia kwa moyo mweupe. Waalike wote. Usimwache hata mmoja. Atanuna." Akasema nguruwe atatoa yeye, mkubwa kuliko wote bandani, zawadi kwa mpwa wake. Macho yalikuwa yamemlowa. Nadhani hatimaye ameitambua akili yangu.

Nikawazungukia wote wanne. Wote wamekubali. Baldomero akanikumbatia. Madiwani sita! Meya mwenyewe hana makumpare sita ndani ya Baraza.

Mama Sepa aliposikia akauliza swali la ajabu: wale wanne nilikuwa nawatafutia nini wakati tayari walikuwa wangu? Nikamwambia aendelee na vitunguu.

Jumapili, 9 Februari

Siku kuu! Jiji halijaona ubatizo kama huu, na mimi nimewahi kuona ubatizo wa pacha watano ndani ya meli inayozama, nikiwa mpishi msaidizi.

Padre alilalamika. Akasema Kanisa linatambua msimamizi mmoja wa kiume na mmoja wa kike, hao wengine ni wapambe. Nikamwambia, Padre, wapambe wangu wanapiga kura. Nikataka majina yote sita yasomwe kwa kipaza sauti. Yakasomwa. Kanisa likanong'ona. Raha iliyoje!

Bitoy alivumilia mpaka zamu ya Diwani Crispulo, hapo akamkojolea kuanzia kifungo cha kwanza hadi cha mwisho. Crispulo akasema ni baraka. Diwani Felicitas akachungulia masikio, akaridhika. Mshumaa ulishikwa na mikono sita, nta ikawaunguza wote, wala hakuna aliyetaka kuuachia mbele ya mwenzake.

Nyumbani: nguruwe wa Teroy, ngozi inalia kama kigae ukiigonga. Tambi ndefu za maisha marefu. Keki za mchele. Mashine ya kuimbia ya jirani. Diwani Baldomero akaimba wimbo ule ule mara nne. Ising alivaa gauni la njano. Alipita baina ya wageni na sahani, na nikamsikia akimwambia Diwani Felicitas kwa sauti ya chini kwamba yeye haombi makubwa, anaomba tu pawe mahali ambapo bibi mwenye goti baya anaweza kufika. Felicitas akamshika mkono. Akasema, "Nimeshaamua, mwanangu. Usihangaike."

Kazi imekwisha! Kura sita! Niliyasikia kwa masikio yangu!

Halafu akaingia ambaye hakualikwa. Diwani Wenceslao, wakili, kichwa cha watu wa meya. Shati limenyooka kama kioo. Nikajua amekuja kuona kushindwa kwake. Nikamkatia sikio la nguruwe, kwa dharau, akalila lote. Akauliza kwa adabu sana kama kweli hawa wote sasa ni makumpare wangu. Nikamwambia wote, hesabu mwenyewe. Akasema hongera, akaomba atupige picha, mimi katikati. Nikawakumbatia watatu kila upande. Teroy alikuwa nyuma yake, amejifunika mdomo na kitambaa. Akaniambia baadaye ni pilipili.

Jumanne, 11 Februari

Sina la kuficha. Nimesimama mbele ya Baraza na nimesema kweli. Kama kweli ni kosa, nifungwe.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Naibu meya alikuwa kitini, amefumba macho, anasubiri sare yake. Mama Sepa alizungumza kwanza. Alisema vizuri kwa muuza vitunguu. Alisema mtaro unanuka, ndiyo, na paa linavuja, ndiyo, lakini mtaro na paa vinatengenezeka. Alisema duka la vioo litauza kitunguu kilichovaa plastiki na faida yote itapanda basi kwenda Manila, wakati kitunguu chake yeye hulipa karo hapa hapa, hununua samaki kwa Ising hapa hapa, na Ising naye hupanda pikipiki ya matairi matatu ya mtu wa hapa hapa. Akasema kule kwenye mchepuko hakuna mtu ila mbuzi. Ukumbi ukapiga makofi. Diwani Felicitas alitikisa kichwa kukubali. Hata Crispulo aliacha kutafuna.

Mama Sepa akarudi kukaa, akanishika mkono wa shati. Akaninong'oneza, "Ambo, nakuomba kama ninavyomuomba Mungu. Kaa. Usifungue mdomo. Tumeshapita."

Kaa? Mimi? Na pingamizi lina jina langu?

Nikasimama. Nikasema kwamba kuna watu wanajiona ni wengi kwa kuwa wana meya. Nikawaambia watazame vizuri. Nikanyoosha kidole kimoja kimoja. Huyu kumpare wangu! Huyu kumpare wangu! Huyu mama kumare wangu! Sita! Familia moja, damu moja, maji mamoja! Atakayegusa pembe ya mke wangu amegusa nyumba sita za Baraza hili!

Makumpare wangu wote wakainamisha vichwa. Nilidhani ni heshima.

Diwani Wenceslao akainuka taratibu. Akaniomba, kama sitajali, nirudie kwa ajili ya kumbukumbu. Nikarudia! Kwa sauti zaidi! Akaniuliza kama mwenye pingamizi ni mimi binafsi au ni chama cha wachuuzi. Nikamwambia mimi, mimi mwenyewe, mimi peke yangu. Akashukuru. Kisha akasoma kanuni yao wenyewe, kwamba diwani haamui jambo la mtu aliye ndugu yake, kwa damu, kwa ndoa, au kwa ukumpare. Akaonyesha na ile picha.

Mama Sepa akafunika uso na mkoba.

Wakatoka. Mmoja mmoja. Baldomero alilia. Crispulo alitoka karibu anakimbia, uso umefunguka kama mtu aliyeondolewa jino bovu. Sasa hakuna atakayemlaumu, si meya si sisi. Diwani Felicitas aliupita mstari wetu, akasimama, akafuta miwani. Akasema, "Makabenta, nilikufundisha darasa la tatu. Ningekubakiza pale pale."

Walibaki wanne, na hao wanne wakapiga kura. Hakuna aliyepinga, maana wapingaji wote walikuwa uani wananiangalia kupitia dirisha. Naibu meya ilibidi aamshwe aambiwe kwamba hahitajiki.

Nyumbani Ising aliweka mtoto kitandani, akaanza kufunga samaki kwenye magunia. Hakuniuliza kama nimekula.

Jumatano, 12 Februari

Watu wanaongea kama tumeshindwa. Wasomi hawajui hesabu! Madiwani kumi, wanne tu wametaka soko livunjwe. Sita hawakutaka. Sita ni wengi kuliko wanne hata huko Manila. Mimi kwa hesabu yangu nimeshinda, ila ushindi wenyewe umekaa uani.

Mama Sepa amenifuata mpaka kwenye meza ya kahawa. Akasema wahenga walisema mdomo uliponza kichwa, ila wangu umeponza paa la watu mia. Nikamwambia asubiri aone.

Nimejifunga kwa kamba kwenye nguzo ya mlango wa mashariki. Ile ile ya kimbunga! Nikatangaza kwamba atakayelivunja soko hili ataanza na mbavu zangu. Wapita njia walisimama. Mtalii mmoja alinipiga picha. Nikajiona jiwe.

Nilikuwa nimesahau kwamba Jumatano soko hufungwa mchana. Wote wakaondoka. Nikabaki mimi na paka. Na kamba niliifunga fundo la baharia, nililojifunza melini, fundo lisilofunguka. Haliwezi kufunguka kweli. Haja ndogo ikabisha hodi. Nikaita. Nikaita kwa heshima, kisha nikaita bila heshima.

Aliyekuja ni Teroy, na msumeno wake wa mifupa. Akaketi kwanza. Akavuta sigara yote mpaka kichungi, akinitazama ninavyocheza miguu. Akasema, "Shemeji, chumba changu cha baridi kimepitishwa. Nimekuja kukushukuru." Nikamwambia akate kamba, tutapigana baadaye. Akakata. Sikupigana. Nilikuwa na haraka.

Ijumaa, 14 Februari

Mambo yamegeuka! Jana na leo Mama Sepa na Ising wamekwenda wenyewe Baraza, bila kunipitia, na wachuuzi wakongwe wote nyuma yao, na yule bibi wa goti akiwa mbele amebebwa kwenye kiti. Wamekaa ngazini na bidhaa zao. Wameuza pale pale, samaki ananuka mpaka ofisi ya meya. Jioni watu wa meya wamesalimu amri. Soko kuvunjwa litavunjwa, lakini kule kwenye jengo jipya hakuna kuokota vikaratasi kofiani kwa wachuuzi wa miaka mingi. Wauza samaki watakaa chini, milangoni. Kamati ya madiwani watatu itagawa nafasi Jumatatu, na kila mchuuzi lazima apate sahihi zote tatu. Mwenyekiti ni Wenceslao.

Ising amerudi nyumbani mguu umevimba, anatabasamu. Ameshaonyeshwa nafasi. Ni pembe ya mlango wa mashariki! Wamempimia na kamba. Kabakiwa na sahihi tu.

Akanikalisha. Akaniuliza kama nimekula. Kisha akasema ana ombi moja, hajawahi kuniomba lingine tangu tuoane na hataniomba tena. Nisifanye kitu. Nisiende Baraza, nisihutubie, nisimsaidie. Nikae hivi nilivyo hadi Jumatatu ipite. Machozi yalimlengalenga. Nikamshika mikono yote miwili nikamwahidi. Niliapa kwa jina la mama yangu.

Nikatoka kununua siki.

Nje ya kanisa kuna bango. Askofu anakuja! Jumapili hii hii, kutoa kipaimara! Nikasimama katikati ya barabara, pikipiki zinanipigia honi. Mwanangu wa kwanza, Rodelio, ana miaka ishirini na minne na ndevu, na hajapata kipaimara, kwa sababu mwaka ule alimkimbia askofu akapanda juu ya mnara. Na kipaimara kinataka nini? Wasimamizi, kama ubatizo!

Kosa letu mara ya kwanza sasa nimeliona, na nashangaa hakuna msomi aliyeliona. Tuliwachukua madiwani wasio sahihi! Unafanya undugu na marafiki wa nini? Undugu ni wa kufanya na hawa wenye kalamu mkononi.

Nimempata Diwani Wenceslao akitoka kunyoa. Nilipomwomba alinitazama, akaegemea ukuta, mabega yakamtikisika, nadhani ni hisia. Akasema itakuwa heshima kubwa kwake, kumpare. Akaniuliza kama wenzake wawili wa kamati nao nimewafikiria. Nikamwambia mimi simwachi mtu, atanuna. Wote wawili wamekubali kabla ya jua kuzama. Nimepita kwa Teroy, ametoa nguruwe mwingine.

Siki nimesahau.

Ising yuko nje anaosha ile mizani yake, anaimba. Sijamwambia. Nataka Jumatatu afike pale, awakute wote watatu ni ndugu zetu, afurahi kwa ghafla.